Kambi za Seronera hazina uzio: ni nini kinachowazuia wanyama wasiingie hemani?

Bandiko la 1 – Baba wa Wawili

Habari za jioni, wanajukwaa.

Mwezi uliopita tuliamua na mke wangu kwamba watoto waione Serengeti kabla mkubwa hajaanza kidato cha kwanza. Tulitoka Mwanza kwa gari letu, tukaingia kwa geti la Ndabaka, tukakatiza ukanda wa magharibi huku mbung'o wakitufanyia walichotaka, na jioni tukafika Seronera, ambako tulikuwa tumelipia kulala siku mbili katika kambi ya umma ya Nyani. Anayeijua kambi ile anafahamu kwamba ni nyasi, migunga kadhaa, vyoo, na banda la kupikia lenye wavu wa chuma ambamo wanaofungiwa ni wapishi na vyakula, si wanyama. Uzio hakuna. Tulipiga mahema mawili, la kwetu na la watoto, yakiwa yameachana kama hatua tatu.

Usiku wa kwanza, yapata saa 8, niliamka kwa sababu kulikuwa na kitu kinapumua nje. Sikutoka, sikuwasha tochi, na kusema kweli hata shingo sikuigeuza. Kilizunguka, kikaburuta kitu cha plastiki, kisha kukawa kimya. Asubuhi tulikuta beseni la kuoshea vyombo limetobolewa matundu manne ukingoni, kubazi langu la kushoto halipo, na nyayo za fisi zimepita katikati ya mahema hadi upande wa binti yangu. Unyayo mmoja ulikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye kigingi cha kamba, mahali ambapo yeye alilala akiwa amebandika shavu kwenye kitambaa cha hema, maana binti yule hulala kama maji yaliyomwagwa.

Askari wa hifadhi aliyepita asubuhi alitazama, akatabasamu, akasema wenyeji walikuja kutusalimia.

Swali langu ni hili. Fisi huvunja mfupa wa nyati kwa taya. Hema letu ni kitambaa ambacho mimi mwenyewe ninaweza kukichana kwa kisu cha kumenyea viazi. Ni nini hasa kinachomzuia?

Bandiko la 2 – Dereva wa Kaskazini

Karibu sana kaskazini, mkuu.

Nina miaka 19 ya kuendesha wageni katika hifadhi hizi, na jibu ni jepesi kuliko unavyodhani. Mnyama haoni hema kama tunavyoliona sisi. Kwake ni jabali, sawa na yale majabali ya Moru ambayo amezaliwa ameyakuta, na hakuna simba wala fisi anayepoteza usiku wake kung'ata jabali. Zipu ikifungwa hadi chini, wewe haupo. Zipu ikiachwa wazi, jabali limekuwa pango lenye nyama ndani, na hapo usinilaumu. Ndiyo maana wageni wote huambiwa mambo mawili tu kabla ya kulala: fungeni zipu, na haja ndogo ikiwabana saa 8 usiku, kopo ni rafiki mwema kuliko choo.

Bandiko la 3 – Mhitimu wa Mweka

Namheshimu Dereva kwa miaka yake, lakini maelezo ya jabali yana kasoro ambayo fisi angeicheka. Jabali halinuki sabuni ya mtoto. Jabali halikoromi. Fisi ananusa mzoga kutoka mbali mno, kwa hiyo hawezi kukosa kugundua kwamba nyuma ya kitambaa kile kuna watu wanne wenye joto waliokula wali na maharage. Anajua kabisa kwamba mpo.

Ninavyoelewa mimi, anachokosa si taarifa kwamba kuna nyama, bali namna ya kuianza. Wanyama hawa huwinda umbo na mwendo: mgongo unaokimbia, mguu unaochechemea, ndama aliyeachwa na mama yake. Ndani ya hema umbo limefichwa. Hajui mnyama huyu anaanzia wapi, ana miguu mingapi, wala yupo mmoja au wapo kumi. Mla nyama akijeruhiwa taya au mguu hana wa kumlisha wiki nzima, hivyo hatari asiyoijua huikwepa, hata kama inanukia vizuri.

Bandiko la 4 – Msafiri wa Voi

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka.

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba simba ameandikiana mkataba na turubai. Mimi ninaishi mwendo mfupi kutoka daraja la Tsavo, ambako mwaka 1898 simba wawili madume wasio na manyoya shingoni waliwatoa wajenzi wa reli ndani ya mahema yao, usiku baada ya usiku, kwa muda wa miezi, hadi kazi ya daraja ikasimama. Watu 135 waliliwa. Wale hawakuona jabali, na wala hawakutatizwa na umbo. Waliingia, wakachagua, wakaondoka naye. Dereva na Mhitimu watueleze simba wa Tsavo walisoma shule gani tofauti na ya simba wa Seronera.

Bandiko la 5 – Karani wa Zamani

Msafiri, hoja yako ni nzito, lakini hesabu inahitaji kupunguzwa. Hiyo 135 ni idadi aliyoitaja John Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao Desemba 1898, miaka kadhaa baada ya tukio. Hesabu ya wakati ule ilikuwa vibarua 28 wa Kihindi pamoja na Waafrika ambao hakuna aliyejali kuwaorodhesha, jambo ambalo lenyewe lingestahili uzi wake. Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali za mifupa na manyoya ya simba hao, ambao sasa wamo katika makumbusho ya Field mjini Chicago, wakakadiria kwamba waliliwa watu wapatao 35.

Kuna jambo lingine ambalo mwenye uzi atalipenda. Kambi zile za Tsavo zilikuwa na uzio. Vibarua walijizungushia boma la miiba, na simba walipenya. Kwa hiyo anayedhani kwamba Seronera pangekuwa salama zaidi kwa kuzungushiwa kitu, Tsavo haimsaidii.

Kuhusu sababu, wapo wanaokumbusha kwamba sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe na nyati wa eneo lote katika miaka ya 1890, na kwamba mmoja wa simba wale alikuwa na chonge lililovunjika na jipu kwenye mzizi. Njaa na maumivu ya jino: nimemwona hata binadamu akibadilika tabia kwa kimoja tu kati ya hivyo.

Bandiko la 6 – Chumvi Kidogo

Naomba kuuliza jambo la msingi ambalo wasomi wamelipita. Kubazi lililochukuliwa lilikuwa la ngozi, au la tairi?

Bandiko la 7 – Baba wa Wawili

Asanteni kwa majibu. Chumvi Kidogo, unanicheka, lakini umegusa penyewe. Kubazi lilikuwa la ngozi, nililinunua Tanga, nami nimelivaa bila soksi miaka mitatu. Katambuga za tairi za mke wangu zilikuwa kando yake, na hazikuguswa hata kwa ulimi. Chakula chote kilikuwa kimefungiwa bandani, isipokuwa biskuti ambazo asubuhi niligundua kwamba kijana wangu alilala nazo mfukoni.

Bandiko la 8 – Mtoto wa Lindi

Ninyi wa kaskazini mmebembelezwa na nyumbu.

Kwetu kusini simba si utalii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba nchini tangu mwaka 1990, na wengine zaidi ya 308 waliojeruhiwa, na sehemu kubwa ya misiba hiyo ilikuwa Lindi, Mtwara na Rufiji, si huko kwenye mahema ya watalii. Sababu iliyoonekana wazi ni nguruwe pori. Mazao yakikaribia kukomaa nguruwe huingia shambani, mkulima hulala kwenye dungu ili awafukuze, na simba ambaye amebakiwa na mawindo machache porini humfuata nguruwe hadi shambani, kisha akakuta aliye mwepesi kuliko nguruwe.

Nililala dunguni na mjomba wangu nikiwa na miaka 11. Dungu letu lilikuwa juu ya nguzo nne, kuta za makuti, ngazi ya vijiti. Mjomba alinilaza katikati, mbali na kuta, na kila nilipojinyoosha mguu ukagusa makuti alinipiga kofi la paja bila kusema neno. Msimu uliotangulia jirani yake wa shamba la pili alivutwa mguu kupitia ukuta kama huo. Makuti nayo yanaficha umbo, Mhitimu. Makuti nayo hayana miguu ya kuhesabu. Simba alipenya, kwa sababu alikuwa na njaa na alishajifunza.

Baba wa Wawili, usiniudhikie, lakini nilipofika pale uliposema binti amebandika shavu kwenye kitambaa nilirudi kusoma mara ya pili.

Bandiko la 9 – Binti Mugumu

Ninaandika kutoka Mugumu, kwa hiyo wanyama wenu wa hifadhini kwetu ni majirani, na majirani wengine ni wasumbufu. Fisi huyohuyo ambaye huko Seronera anapita kwa adabu kati ya mahema, huku huvunja zizi la mbuzi akiwa anasikia mbwa wanabweka na baba anapiga debe. Tembo hushusha ukuta wa ghala kwa ajili ya magunia mawili ya mahindi. Ukuta wa ghala ni mgumu kuliko turubai, na tembo hauiti jabali.

Kwa hiyo mimi naona swali si hema limetengenezwa kwa nini, bali ndani yake kuna nini. Mbuzi ni chakula ambacho fisi anakifahamu kwa harufu, kwa sauti na kwa ladha. Mtu aliyelala si chakula anachokifahamu, labda kwa sababu sisi wa huku, vizazi na vizazi, tulipomkuta tulimrudishia kwa mshale.

Nitoke kidogo nje ya mada. Mimi nina miaka 34, nimezaliwa na kukulia pembezoni mwa hifadhi hii, na nimeingia ndani kama mgeni mara moja tu, kwa basi la shule, tukala mayai ya kuchemsha juu ya kilima cha Naabi huku mijusi ya kichwa chekundu na mwili wa buluu ikituzunguka. Kiingilio cha Mtanzania si kikubwa. Gari ndilo linalotushinda, maana huwezi kuingia kwa miguu wala kwa bodaboda.

Bandiko la 10 – Mzalendo wa Kweli

Tusisahau kujivunia kwamba Serengeti ndilo pori la akiba kubwa kuliko yote Tanzania. Wanyama wake ni wapole kwa sababu wamezoea wageni.

Bandiko la 11 – Karani wa Zamani

Mzalendo, sentensi yako ya kwanza ina makosa mawili, na moja kati ya hayo linahusu mada. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, na kwa ukubwa imepitwa na Ruaha, yenye zaidi ya 20,000, na Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019 ikiwa na 30,893. Tena si pori la akiba. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, ingawa mipaka yake ilibadilishwa mwaka 1959 Ngorongoro ilipotengwa. Mapori ya akiba ni yale yanayopakana nayo, kama Maswa, Ikorongo na Grumeti, na katika mapori ya akiba uwindaji wa kibali unaruhusiwa.

Hapo ndipo mada inapoingia. Simba wa Serengeti hasomi vibao vya mpaka. Akivuka kidogo tu anaweza kukutana na bunduki, na aliyenusurika huenda akabaki na hofu ya harufu yetu. Mimi sitasema huo ni upole.

Bandiko la 12 – Dereva wa Kaskazini

Nimesoma mabandiko yote, na bado niko kwenye jabali langu.

Nitawapa kisa. Februari mmoja tulipiga kambi Ndutu wakati nyumbu wanazaa. Mnafahamu majira yale: nyasi fupi, udongo wa majivu ya volkano, ndama wengi wanazaliwa ndani ya wiki chache kiasi kwamba simba na fisi hushiba hadi wakachoka. Saa 11 alfajiri nilichungulia nikakuta simba jike watatu wamelala kwenye umande, mmoja mgongo wake umeegemea hema la wageni wawili wazee. Hema lilikuwa limebonyea kwa ndani. Yule mama mgeni alinisimulia baadaye kwamba usiku alihisi joto, akadhani ni mumewe, akamsukuma asogee. Simba alisogea! Jua lilipotoka wakaondoka taratibu, wakaacha nyasi zimelala na manyoya machache kwenye kitambaa. Kama yule jike angejua kwamba nyuma ya mgongo wake kuna watu, angeegemea? Aliegemea jabali.

Bandiko la 13 – Binti Mugumu

Kisa kitamu, ila Ndutu unayoisema kwa sehemu kubwa iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, si Serengeti. Na simba wale walikuwa wameshiba, umesema mwenyewe. Kisa chako kinathibitisha tumbo, hakithibitishi jabali.

Bandiko la 14 – Mpishi wa Kambi

Madereva hupewa sifa, wasomi hupewa vyeti, na mpishi huulizwa chai iko wapi. Ninaomba nami niseme.

Kinachowazuia wanyama ni mpishi. Wageni wakishamaliza kula, kazi yangu ndiyo inaanza. Kila sufuria linasuguliwa usiku uleule, halingojei asubuhi. Maji ya vyombo hayamwagwi karibu na mahema. Mifupa ya kuku haitupwi kichakani, na makombo yote hufungwa kwenye ndoo yenye mfuniko na kulala ndani ya wavu pamoja nami, kisha yanaondoka na gari. Kikaangio hata kikisafishwa bado kinanukia vitunguu, kwa hiyo nacho kinafungiwa. Mchana walinzi wangu ni macho yangu, maana tumbili huchukua ndizi mkononi mwa mtoto, na wale korongo wenye upara na mfuko shingoni husimama kando ya banda kama wazee wanaosubiri shauri lianze. Fisi wa usiku anapofika anakuta kambi haina habari. Ananusa, anachukua kinachonuka kuliko vyote, ambacho kwa kawaida ni kiatu cha mwanamume, anaondoka.

Mara moja tu niliona mnyama ndani ya hema. Kampuni moja iliyoniajiri kwa msimu ilitupa mahema ambayo zipu zake zilikuwa zimekufa, tukawa tunafunga mlango kwa kamba za viatu. Mgeni mmoja aliingia kulala na mkate na kopo la siagi. Usiku wa manane kanu alijipenyeza kwenye upenyo wa chini, akala siagi yote, akalamba na kopo, akatoka. Mgeni alipoamka alikuta vidole vyake vya miguu vina mafuta. Kanu ni mdogo kuliko paka wa jikoni aliyenona. Ninachosema ni kwamba njia ya kanu ndiyo njia ya mkubwa wake.

Kwa hiyo, Baba wa Wawili, zile biskuti za kijana wako ndizo zilizonifanya niandike.

Bandiko la 15 – Mhitimu wa Mweka

Mpishi, nimepokea, na kwa siagi sina la kubisha. Ninaongeza mambo mawili ambayo hayajaguswa.

La kwanza ni mwezi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchambuzi wa mashambulizi ya simba dhidi ya watu kusini mwa Tanzania kati ya mwaka 1988 na 2009, mamia ya matukio. Mengi yalitokea baada ya jua kuzama hadi kama saa 4 usiku, na yaliongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu, yaani siku ambazo mwezi huchelewa kuchomoza na kuacha giza la mwanzo wa usiku. Usiku wa mbalamwezi simba hushika njaa, kwa sababu mawindo humwona, na giza linaporudi hufidia. Hivyo, kabla hatujamsifu fisi kwa adabu, ningependa kujua mwezi ulikuwaje siku ile.

La pili linahusu njia. Fisi wa Serengeti ana tabia ambayo ni nadra kusikia kwa mla nyama mwingine: nyumbu wanapohama, yeye huacha watoto pangoni na kusafiri kilomita 40 hivi kwenda kwenye makundi, akala, akarudi kunyonyesha baada ya siku kadhaa. Kambi za Seronera zimewekwa karibu na mto ambao una wanyama mwaka mzima, kwa hiyo nashuku kwamba zimekaa kwenye barabara za fisi. Yule aliyepita kwako huenda hakuja kukutembelea hata kidogo. Wewe ndiye uliyejenga nyumba ya kitambaa barabarani kwake, naye akapita pembeni huku akishika kiatu cha kutafuna njiani.

Bandiko la 16 – Mwalimu wa Bunda

Nafundisha hisabati, kwa hiyo nitakuwa mchoshi. Kila anayechangia hapa ameamka salama. Waliolala salama ndio wanaoandika, na kila mmoja anaeleza usalama wake kwa kazi anayoifanya: dereva kwa zipu, mpishi kwa sufuria, mhitimu kwa vitabu, Binti Mugumu kwa mishale ya babu zake. Ili tujue kinachozuia, tungehitaji usiku ambao zipu ilikuwa wazi na chakula hakipo, usiku ambao zipu ilifungwa na chakula kipo, usiku wa giza na wa mbalamwezi, simba mwenye njaa na aliyeshiba, kisha tuhesabu. Hakuna mzazi atakayeturuhusu kufanya jaribio hilo.

Inawezekana pia kwamba hakuna kinachozuia. Usiku wa mashaka unaweza kuwa mmoja katika maelfu, na jambo la nadra kiasi hicho huonekana kama sheria kwa yule ambaye halijamfika. Mtoto wa Lindi anatoka mahali ambapo lilifika, na ndiyo maana sauti yake ni tofauti na zenu.

Bandiko la 17 – Mtoto wa Lindi

Asante, mwalimu. Sasa naomba swali dogo kwa Dereva wa Kaskazini, kwa heshima zote. Katika miaka hiyo 19, wewe mwenyewe huwa unalala ndani ya jabali gani?

Bandiko la 18 – Dereva wa Kaskazini

Mimi hulala garini. Lakini hiyo ni kwa sababu ya mgongo, kiti cha nyuma kinanyooka vizuri, na pia mtu lazima awe karibu na redio ya mawasiliano.

Bandiko la 19 – Chumvi Kidogo

Miaka 19 ya imani juu ya turubai, akiwa ndani ya bati.

Bandiko la 20 – Mpishi wa Kambi

Nami nathibitisha kwamba nimefanya kazi na madereva wengi, na migongo yote huanza kuuma baada ya geti la Naabi.

Bandiko la 21 – Mhitimu wa Mweka

Tuache mgongo wa watu. Baba wa Wawili, ulisema nyayo zilikuwa za fisi. Ulizitambuaje? Wanyama wa jamii ya paka, simba na chui, huficha kucha wanapotembea, hivyo unyayo wao huwa na vidole vinne na kisigino bila alama za kucha mbele. Duma ndiye anayevunja kanuni hiyo, lakini unyayo wake ni mdogo na mwembamba. Fisi kucha zake hazirudi ndani, kwa hiyo utaona vitobo vifupi mbele ya vidole, na kwa kawaida unyayo wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Kama ulipiga picha na kuweka kitu cha kupimia, hebu itazame.

Bandiko la 22 – Baba wa Wawili

Samahanini kwa kuchelewa, nilikuwa kazini, na jioni nilitafuta zile picha kwenye simu ya mke wangu.

Kuhusu mwezi: tulikula gizani, na watoto walipouliza mwezi uko wapi haukuwa umetoka. Ulichomoza tukiwa tumeshaingia kulala, mkubwa na mwekundu, upande mmoja umeanza kupungua.

Kuhusu nyayo: nilizitambua kwa sababu beseni lilikuwa limetafunwa na kubazi halipo, nikaona haya ni mambo ya fisi, basi. Picha zipo tatu, na katika zote niliweka kiberiti kando. Mbili ni za karibu na beseni. Kucha zinaonekana wazi, vitobo vinne mbele ya vidole, na unyayo hauzidi urefu wa viberiti viwili.

Ya tatu ni ile ya kwenye kigingi cha binti. Imezidi viberiti viwili kwa urefu na kwa upana. Nimeikuza hadi simu ikakataa kukuza zaidi, nimempa mke wangu aitazame bila kumwambia ninatafuta nini, naye amehesabu vidole vinne, kisigino kipana chenye mawimbi matatu kwa nyuma, na mbele ya vidole udongo laini ambao haujaguswa.